Mkono wa Kufungulia Duka

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikuwa sikaliki. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka barazani, mama akiniuliza naenda wapi narudi ndani. Nilikuwa nimekubaliwa na vyuo vikuu viwili, vyote hapa hapa Dar, na Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha. Wenzangu waliokosa hata kimoja waliniona nadeka. Sikuwa nadeka. Nilikuwa silali.

Chuo cha kwanza kilikuwa kile kikongwe cha serikali, nje kidogo ya mji. Huko nilipewa nafasi ya uhandisi wa umeme, kitu nilichokitaka tangu siku nilipoifungua redio ya nyumbani kwa kisu cha mezani nikachapwa. Vipindi vilianza saa moja asubuhi, kwa hiyo ningelala bwenini. Cha pili kilikuwa kipya, cha binafsi, kimepanga ghorofa mbili za jengo moja Posta, juu ya duka la fenicha. Enzi hizo za ruksa kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: benki, televisheni, maduka ya simu, na sasa vyuo. Pale ningesoma biashara, mchana na jioni, kwa kujilipia ada.

Baba ndiye aliyetaka niende kwenye hicho cha kulipia. Baba yangu, mtu aliyekuwa anafunga bomba kabla hujamaliza kunawa! Cha serikali kisingemgharimu kitu, lakini hakukitaka hata kukisikia. Na sababu ilikuwa mkono wangu wa kulia.

Tulikuwa na duka la vifaa vya kushonea Kariakoo. Vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, bitana. Wateja wetu walikuwa mafundi cherehani wa mitaa ile. Sasa, wafanyabiashara wa Kariakoo wana mambo yao, na anayebisha hajawahi kuwa na duka. Mteja wa kwanza wa asubuhi haachwi aondoke mikono mitupu, hata ikibidi umuuzie kwa hasara. Humkopeshi, humfokei. Na pesa yake haipokelewi na mtu yeyote tu, inapokelewa na mwenye nyota.

Nyota hiyo nilibandikwa nikiwa darasa la kwanza. Fundi mmoja alikuja asubuhi baba akiwa ameinama chini ya kaunta, nikapokea mimi. Siku hiyo waliuza mpaka wakachoka. Kesho yake nikapokea tena, ikawa vile vile. Jirani yetu, mzee wa Kihindu aliyekuwa anauza vitambaa mlango wa pili, akamwambia baba kwamba kwao mauzo ya kwanza ya siku huitwa boni, na kwamba huyu mtoto ana mkono wa boni. Basi, ikawa sheria. Tangu siku ile sikuwahi kwenda shule bila kupita dukani. Nasimama na sare yangu nikimngoja fundi wa kwanza, napokea pesa, naigusisha kwenye paji la uso, naipitisha juu ya bidhaa, naitia kwenye droo, ndipo nakimbia. Shuleni nilichapwa kwa kuchelewa mpaka walimu wakachoka wenyewe. Baba alisema fimbo haijawahi kuua mtu.

Mtu asidhani baba alikuwa anatania, au kwamba nyota ilikuwa kisingizio. Aliamini. Na miaka ile alikuwa na haki ya kushikilia chochote, maana duka lilikuwa linapumulia juu juu. Mitumba ilikuwa inashushwa kwa marobota, machinga wameipanga mpaka kwenye ngazi yetu. Nani tena atamtafuta fundi amshonee gauni, wakati lipo la kuvaa leo leo na kwa bei ya kutupa? Mafundi walikuwa wanauza vyerehani vyao na kwenda kuuza mitumba. Kilichobaki, kwa hesabu ya baba, ni mkono wangu.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, nililipuka.

"Baba, hivi mimi ni binti yako au ni hirizi?"

Mama akaacha kuosha vyombo. Baba aliendelea kuchokoa meno.

"Wewe ni binti yangu," alisema. "Na ndiyo maana nakulipia."

"Sitaki kulipiwa! Nataka umeme!"

"Umeme upo hata Posta."

"Posta wanafundisha kuuza, baba. Kuuza nimeanza nikiwa darasa la kwanza, watanifundisha nini?"

Hapo nilitegemea kofi, au angalau maneno makali. Alivaa viatu akarudi dukani, nami nikabaki nazunguka uani nikipiga teke ndoo tupu, mama ananiambia niache, siachi.

Jioni alirudi. Alipomaliza kuswali alisema, "Kesho usije dukani. Nitafungua mwenyewe. Tuone."

Tuone! Neno lenyewe ni hilo tu, lakini lilinivuruga. Alhamisi nilitoka nyumbani mapema kama mtu mwenye shughuli, na sikuwa na shughuli. Nilitembea mpaka Posta, nikasimama chini ya lile jengo la chuo kipya nikiwatazama wanafunzi wanavyopanda ngazi na suti zao. Nikatoka nikaenda Magogoni, nikapanda pantoni mpaka Kigamboni, nikagusa ardhi kwa mguu mmoja, nikarudi na pantoni ile ile. Saa hizo zote nilikuwa nawaza kitu kimoja: wameuza? Moyo unaomba wauze sana, baba aridhike, niende zangu. Papo hapo moyo huo huo unaomba wasiuze hata kifungo, ili ajue mimi ni nani. Nilijiona mbaya, lakini sikuweza kujizuia. Nilipitia Upanga kwa miguu, jua la utosi, ili tu nisipite Kariakoo nikachungulia.

Baba aliporudi alikuwa anatabasamu. Sikumzoea hivyo.

"Wewe binti umenidanganya miaka yote," alisema akivua kofia. "Kumbe mkono wenyewe si kitu! Nimeuza leo mpaka kiuno kinauma. Mafundi wamekuja wanasukumana. Haya, nenda kaoneshe huo mkono kwenye umeme wako huko."

Mama alipiga kigelegele kifupi, cha mshangao zaidi kuliko furaha. Mimi nilisema asante baba, na nilishukuru kweli, lakini kitu kilinichoma hapa kifuani. Yaani siku moja tu nisipokuwepo ndiyo wanasukumana? Miaka yote ile ya kuchapwa kwa kuchelewa, kumbe hata angepokea paka wangeuza? Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nililala nimenuna.

Ijumaa asubuhi nilivaa vizuri, nikachukua fomu yangu kuipeleka chuo cha serikali. Njia ya kwenda kupanda basi ilipita mtaa wetu wa duka. Mzee wa vitambaa alikuwa anafungua milango yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Jana ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nilipumzika."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ulipumzika siku mbaya. Fundi wa kwanza aliangalia zipu, akaondoka bila kununua. Wa pili hivyo hivyo. Baba yako alishika tama pale kwenye stuli mpaka tunafunga. Nilimpelekea chai, hakuigusa. Mimi nilijua tu kuna msiba."

"Hakuuza?"

"Auze nini? Uliza mtaa mzima."

Nilisimama pale na fomu yangu kwapani. Hasira ilinipanda kwanza, maana nimedanganywa, halafu ikaniishia yote kwa mpigo. Jana baba alipata alichokuwa anakiogopa tangu nilipoanza kusoma. Kwa imani yake, alishuhudia kwa macho yake kwamba bila mimi duka linakufa. Halafu akarudi nyumbani akajichekesha.

Nikaingia dukani. Alikuwa anafuta kaunta.

"Wewe! Bado hujaondoka?" alisema. "Ijumaa wale wanafunga mapema."

"Baba, naweza kuchukua cha Posta. Bado nafasi ipo."

"Nani kakwambia nini?"

"Hakuna aliyeniambia."

Aliangalia nje, upande wa mzee wa vitambaa, akasonya.

Nikasikia viatu ngazini. Alikuwa fundi mmoja wa siku nyingi, amekuja kununua nyuzi nyeusi. Alichagua, akatoa noti, na kwa mazoea akaninyooshea mimi. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka.

Baba alizunguka kaunta haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Alisimama katikati yetu, akanipa mgongo.

"Nipe mimi," alimwambia fundi. "Huyu ana safari."

Fundi alishangaa, akanitazama, akampa. Baba aliipokea ile noti kwa mkono wake, akaigusisha kwenye paji la uso. Aliipitisha juu ya vifungo, juu ya zipu, polepole, asiache hata boksi moja, akaitia kwenye droo.

"Nenda," alisema, bado amenipa mgongo. "Utachelewa."

Nilikwenda. Nililia kutoka pale mpaka kituo cha basi cha Fire, mchana kweupe, machinga wananiuliza dada vipi, nani kakuudhi, nami nazidi kukaza mwendo.