Kompyuta Iliyochelewa Kuaga Malindi

Sogea karibu nikueleze, maana wewe hukuwapo siku ile Malindi, hii yetu ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, na waliokuwapo wakikuhadithia watakuongezea chumvi, wakati aibu yenyewe ilitosha bila kuongezwa kitu. Mimi, ambaye pale Lushoto walikuwa wakiniita mwalimu wa kompyuta, nilisimama mbele ya kijiji kizima nikashindwa kuizima kompyuta. Kuiwasha niliweza, tena kwa mbwembwe. Kuizima ndiko kulikonitoa jasho, na Malindi ni baridi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba kila kona, na watu binafsi wakaruhusiwa kuanzisha vyuo. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi, nikapunguzwa kazini, nikanunua kompyuta iliyokwisha tumika na kufungua darasa katika chumba kimoja karibu na stendi. Wanafunzi wakawa wa kuokoteza. Ndipo Mzee Shemboza, mwenyekiti wa kijiji, akanialika kwenye mkutano wa wazazi: niipandishe mashine huko Malindi, waione kwa macho yao, kisha waamue kama mabinti zao waliomaliza shule waje kwangu. Wakikubali, darasa linaishi. Wakikataa, nafunga mlango.

Sasa sikia nilivyojitafutia balaa. Jana yake nikaona haifai kwenda na mfumo wa zamani, watu watasema mwalimu ana mashine ya kizee, nikaweka mfumo mpya ambao rafiki yangu alikuwa ameniletea kwenye sidii kutoka Dar. Ukaingia vizuri, nikafurahi, na kwa ile furaha nikaanza kuipamba kama bibi harusi: picha ya mashamba ya chai ya Mponde kwenye skrini, kalenda inayofunguka yenyewe, na badala ya ule mlio mfupi wa wakati wa kuzima nikaweka wimbo wa kuagana niliowarekodi wanafunzi wangu wakiuimba. Kujaribu kuizima? Sikujaribu. Umeme ulikatika, nikashukuru kwamba nimepunguziwa kazi. Asubuhi pikapu ilikuwa imejaa mifuko ya mbolea, kwa hiyo spika nikaziacha nyumbani (nani anahitaji spika kwenye mkutano?), nikapanda nimekumbatia skrini kama mtoto mchanga.

Malindi hakukuwa na umeme, kwa hiyo jenereta tuliazimwa na Rajabu, mwenye kibanda cha video, kwa sharti aichukue kabla ya sinema yake ya mchana.

Ukumbini niliwaona wazee wanaitazama mashine kwa wasiwasi, nikawapa mfano rahisi, maana ndivyo ninavyofundisha. "Wazazi wangu, kompyuta ni kama mgeni. Inafika, inasalimu, inafanya kazi, na ikitaka kuondoka inaaga. Humchomolei waya kama unamfukuza mtu. Unasubiri akuage."

Nikaiwasha. Maandishi makubwa yakajaa skrini: SHIKAMOONI WAZAZI.

"Marahaba!" ukaitikia ukumbi mzima.

Nikaandika barua, nikajumlisha magunia ya viazi, nikafuta, nikarudisha nilichofuta. Wakapiga makofi. Mpaka leo nikikumbuka saa ile kifua kinanijaa, na laiti ningeishia hapo. Lakini nikasema, "Sasa ioneni inavyoaga," nikabonyeza.

Skrini ikaandika kwamba tusubiri. Tukasubiri. Nikatabasamu. Tukasubiri tena, tabasamu likaanza kuniuma mashavu. Harufu ya wali ilikuwa inaingia kutoka nyuma ya ofisi ya kijiji, watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, na hapo Mzee Shemboza akanyanyua fimbo yake.

"Kaeni chini! Mgeni ametusalimia kwa heshima, tukaitikia. Leo tumpe kisogo kabla hajaaga? Mkutano haujafungwa."

Wakakaa. (Ningebisha vipi? Maneno yalikuwa yangu mwenyewe.)

"Mwalimu," Rajabu akaita kutoka mlangoni, "mgeni wako bado anafunga mizigo?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mimi video yangu nabonyeza mara moja tu, kimya. Na watu wangu wa sinema wameshafika."

"Rajabu mwanangu, usizime jenereta, utaniharibia."

"Sizimi, mama. Nauliza tu kama analala hapahapa, tumtandikie."

Kina mama wa nyuma nao wakaanzisha wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, ati labda mgeni anaona haya. Wakaumaliza, wakaurudia. Mwishowe, kwa wakati wake mwenyewe, kompyuta ikaandika kwamba sasa inaweza kuzimwa. Makofi yakawa machache, ya huruma.

Ningekusanya waya zangu nikaondoka. Lakini Mama Zaina, mjane mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, akasimama. "Mwalimu, ilikuwa inasubiri nini?"

"Sijui, mama," nikasema. "Ila tunaweza kutafuta."

Nikaiwasha tena. SHIKAMOONI WAZAZI. "Marahaba," wakaitikia, safari hii kwa uchovu. Nikawaeleza kama ninavyoeleza darasani: juzi ilikuwa inazima vizuri, kwa hiyo kosa limo katika vitu nilivyoweka jana, na tutavitoa kimoja kimoja mpaka tumkamate mwenye kosa. Nikatoa kalenda, nikazima. Ikachelewa vilevile. Nikawasha, "Marahaba," mzee mmoja akaitikia huku amefumba macho. Nikatoa picha ya chai. Ikachelewa. Wali ulikuwa umeshapoa, lakini ajabu, hakuna aliyekuwa anatazama mlango tena. Hata Rajabu alikuwa amesogea mpaka nyuma ya bega langu.

Nikatoa wimbo. Nikabonyeza, na kabla Rajabu hajapata neno, kompyuta ikawa imeaga.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe mashine ilikuwa inaimba wimbo wote, beti na kiitikio, ndipo izime, na spika zipo Lushoto! Nilipowaeleza, Mzee Shemboza akatikisa kichwa taratibu.

"Basi hakukosa adabu. Alikuwa anatuaga kwa wimbo, sisi tu hatukumsikia. Mkutano nimeufunga."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Rajabu akabeba jenereta yake akilalamika kwamba wateja wake walikuwa madirishani wanatutazama sisi bure.

Mama Zaina akanifuata penye sahani za wali. "Zaina atakuja kwako. Umesema hujui, na hukukimbia. Hilo ndilo nataka alijue." Wengine wakafuata nyuma yake, na darasa langu likajaa mpaka nikaazima mabenchi.

Tangu siku ile nimeapa: mashine niliyoiwekea mfumo mpya haitoki nyumbani kwangu kabla sijaiwasha na kuizima mpaka niridhike. Na wewe yakikukuta usione haya wala usikate tamaa, ni kazi unayoiweza. Usichomoe waya. Iache ijizime yenyewe, iwashe, ondoa kitu kimoja tu kati ya ulivyoongeza, kisha izime na uitazame. Ikichelewa bado, ondoa kingine, uizime tena.