Kikopo Kilichopita Uzioni

Nimelala wodi ya kifua kikuu sugu mara mbili, kwa hiyo mtu asinifundishe habari zake. Mara ya kwanza ilikuwa zama za sindano: leo tako hili, kesho lile, miezi minane, mpaka sikio langu la kushoto likafa. Mara ya pili nikakuta ni vidonge vitupu, tena miezi sita tu, na huko maabara kuna mashine inayokwambia kwa saa mbili una mdudu gani na dawa ipi haimwezi. Nikamuuliza nesi, "Haya mambo mlikuwa mmeyaficha wapi mpaka mimi niwe kiziwi?"

Kitanda cha pili kutoka changu alilala mshona nguo, tukimwita Fundi. Alikuwa amemwachisha ziwa mwanawe wa miezi kumi bila kupenda, mtoto wa kike, Kibonge, akamwachia mdogo wake amlee. Mdogo mtu alikuwa binti mchapakazi, mzima kama kigongo, hajui hata mafua. Baba mtoto alikuwa amesafiri kutafuta kazi, na naona mpaka leo anaitafuta.

Fundi alimtamani mwanawe mpaka ukimtazama unaumia wewe. Alimshonea vigauni kwa mkono, kwa kukisia. Siku ya wageni, mdogo wake alipokuja kwenye uzio wa waya wa wodi, alimletea uzi aliompimia mtoto, fundo moja la urefu, fundo moja la kiuno. Mtoto mwenyewe Fundi alikataa aletwe. "Nikimwona nisimbebe, nitaruka huu uzio," alisema. Siku moja nilimkuta ameuweka ule uzi puani, anaunusa. Nikamwambia, "Wewe, utakuja kuumeza huo." Akacheka, halafu akalia, na mimi nikalia, tukabaki pale wajinga wawili.

Utaratibu ulikuwa hivi: kila mwezi unatema makohozi kwenye kikopo, maabara wanajaribu kuotesha wadudu wiki kadhaa. Wakikosa kuota mara mbili, unaruhusiwa kumalizia vidonge nyumbani. Fundi mwezi wa kwanza waliota. Wa pili hawakuota. Ikabaki mara moja tu, na hapo ndipo pupa ilipomwingia.

"Na wakiota tena?" aliniuliza asubuhi ya kikopo.

"Dawa zinafanya kazi, shoga. Umenenepa, hukohoi. Tema chako, usubiri."

"Wewe wanao wakubwa. Utajua nini?"

Neno hilo lilinichoma. Na wangu niliwaacha wadogo enzi za sindano. Siku hiyo ilikuwa ya wageni. Niliona kwa macho yangu kikopo kikipita chini ya waya kitupu, mdogo mtu akajipinda, akajikamua kifua, kikarudi kina kitu. Nami nisijifanye malaika: nesi alipotokea mlangoni, nilimshika mkono nikamwambia kichwa kinaniuma, nikamzuia palepale mpaka mambo yakaisha.

Wiki mbili baadaye daktari alikuja kitandani kwa Fundi akiwa na karatasi. "Pole, mama. Wadudu wameota, tena wengi. Inawezekana dawa zimeanza kushindwa. Itabidi tubadilishe."

Fundi angeweza kunyamaza, akameza dawa mpya, akaona aibu yake peke yake. Akasimama.

"Daktari, makohozi yale si yangu. Ni ya mdogo wangu. Na mdogo wangu ndiye anayelala na mwanangu."

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alitoka mbio, na kabla ya jua kutua gari lilikuwa limewaleta wote wawili. Mashine ikasema mdogo mtu ana mdudu yuleyule wa dada yake, sugu vilevile, ingawa kikohozi hakijamwanza. Kibonge hawezi kutema makohozi, kwa hiyo walimpima kinyesi, maana siku hizi mashine inaweza hata hiyo. Hakuwa na kitu. Akapewa dawa ya kinga, akachukuliwa na bibi yake.

Fundi alitema upya, safari hii nesi amemsimamia kama polisi. Hawakuota. Daktari alimwambia wazi kwamba hata mwezi ule, angetema chake, angekwenda nyumbani. Angekwenda, naam, na mdogo wake angeendelea kumlaza mtoto kifuani mpaka aje aanze kukohoa damu. Nimeligeuza jambo hilo kichwani mara nyingi na sijui nimlaumu nani. Fundi alifungasha vitu vyake, na mdogo wake akatandika kitanda kilekile.

Siku ya wageni iliyofuata, Fundi alikuja amembeba Kibonge kifuani. Nilikuwa nje na mdogo mtu, tumevaa barakoa, tumekaa mbali na waya kama tulivyoagizwa. Mtoto aliposikia sauti ya yule binti, alitaka kushushwa, akamsukuma mama yake kifuani kwa mikono yote miwili, akanyoosha mikono huku kwetu akilia. Fundi alimkumbatia kwa nguvu. Miezi mitano alikuwa akimngoja mtoto huyo.

Mdogo mtu aliinuka, akageuza kiti, akakaa akiwapa mgongo.

"Muite," Fundi alisema. "Muite basi, usimfanyie hivyo. Anakutaka."

"Akiendelea kuniona hatakuzoea, dada. Nenda naye."

Mtoto akazidi kulia. Binti yule alishika magoti yake, mabega yanatikisika, akaniuliza kama wameshaondoka. Nikamwambia bado. Akakaa vilevile bila kugeuka, mpaka kilio kikaishia barabarani.