Mkanda wa Karani Ndani ya Injini

Miaka ile ya mwisho ya Waingereza nilikuwa fundi wa magari Moshi mjini, katika gereji ya Kalasinga mmoja, si mbali na stesheni ya reli. Ufundi niliupata jeshini wakati wa vita. Kiburi cha ufundi nadhani nilizaliwa nacho. Ndiyo maana siku rafiki yangu karani, aliyekuwa akipima kahawa kwenye ghala la ushirika, aliponiletea gari jekundu la watu wawili, lisilo na paa, akisubiri sifa, mimi nilicheka.

"Unacheka nini, fundi?"

"Hili ni la nne. Ndugu zake watatu wamefika hapa gereji, na wote walifika wakivutwa kwa kamba."

Karani akanuna. Alikuwa amelinunua kwa mlowezi mmoja wa Sanya Juu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na mlowezi alimwapia kwamba halijawahi kumsumbua. Pengine alisema kweli. Kule Sanya alikuwa akilikimbiza kwenye tambarare. Ugonjwa wa magari yale ulikuwa hauonekani kwenye tambarare, ulikuwa unasubiri mlima. Na karani alikuwa mtu wa Kibosho, juu mlimani.

Nikafungua boneti, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nikamwambia akanyage mafuta kisha aachie. Alipoachia tu nikasikia: ko, ko, ko, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza, mgeni bado anabisha. Ya pili, ya tatu, bado. Nilipochomoa wa nne, kimya.

"Mgonjwa nimempata," nikasema. "Ni beringi ya nyuma kabisa."

Nikamweleza. Beringi ni kile kipande cha madini laini kinachokaa kati ya mkono wa pistoni na kreniki, ule mhimili unaozunguka, visisagane. Uhai wake ni oili. Sasa waliotengeneza gari lile waliweka mdomo wa pampu mbele ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gari likipanda mlima, oili yote hukimbilia nyuma, pampu inanyonya upepo, na beringi iliyo mbali zaidi na pampu ndiyo inayokufa kwanza kwa njaa. "Niachie wiki mbili," nikamwambia. "Beringi mpya zije kutoka Nairobi."

"Jumamosi hii nakwenda kuposa Rombo."

"Panda basi."

"Nimekwisha waambia nakuja na gari. Na si linatembea?"

"Hata mwenye kifua kikuu hutembea."

Hakusikia. Likazuka na jambo jingine. Mjomba wake ndiye aliyepaswa kuwa mshenga, lakini alipokuja kuliona gari, akaona viti viwili na mbingu tupu juu yake, akashikwa na mafua pale pale. Karani akanitazama kwa jicho la kuomba huruma. Hivyo Jumamosi ile mimi, mtoto wa Kiislamu wa mjini nisiyejua Kichagga zaidi ya kusalimia, nikaondoka Moshi nikiwa mshenga na fundi kwa pamoja, kanzu nyeupe mwilini na sanduku la spana mapajani.

Hadi Himo tulikwenda vizuri. Karani alikuwa amevaa suti ya kijivu na mkanda mpana wa ngozi ulioagizwa Mombasa, na kila tulipopita watu alipiga honi hata kama hawakuwa barabarani. Tulipoanza kupanda, macho yangu yakaganda kwenye saa ya oili.

"Bwana karani, mshale unalala."

"Uache upumzike."

"Ukilala huo, na sisi tutalala. Punguza mwendo."

Akapunguza kidogo, akakuta akina dada wanatoka sokoni, akaongeza. Baada ya kona ya tatu yule mgeni mwenye adabu aliacha kubisha hodi, akaanza kuvunja mlango. Nikamshika karani mkono, nikamzimia gari mwenyewe.

Tulisimama kando ya kihamba cha mtu, shamba la Kichagga lenye nyumba ndani yake, migomba juu ya vichwa vyetu. Nilivua kanzu nikabaki na fulana na msuli, nikaingia chini. Nilipotoa oili kwenye karai tuliloazima kwa mama mwenye shamba, ilikuwa inametameta kama imepakwa shaba. Yale ndiyo yaliyokuwa mabaki ya beringi. Akina mama wa sokoni walitua mikungu yao wakakaa kutazama. Mmoja akauliza kama tunalichinja.

Jeshini tulikuwa na dawa moja ya porini: beringi ikiisha mbali na kambi, unakata ngozi nzuri, unailowesha oili, unaikaza mahali pake, na unaendesha kama umebeba mayai. Tatizo lilikuwa ngozi. Viatu vyangu vilikuwa vya turubai. Nikatoka chini ya gari, nikamtazama karani kiunoni.

Akaelewa kabla sijasema. "La! Fundi, la! Suruali hii niliishona nikiwa mnene."

"Chagua. Ufike na mkanda kwa miguu, au ufike na gari bila mkanda."

Alisimama pale akipiga hesabu ya fahari zake mbili. Hatimaye akaufungua, akanikabidhi akiwa amegeuza uso. Akina mama walipiga vigelegele. Yule aliyetuazima karai alichana gamba la mgomba, akamsokotea kamba safi, akamfunga mwenyewe kama anamfunga mtoto wa shule.

Kazi ilichukua zaidi ya saa tatu. Tulipowasha, injini ilinguruma kwa sauti nzito ya kunong'ona, na ule mgongano ukawa umekwisha. Nikavaa kanzu, nikachuma jani refu kwenye ua wa kihamba nijifute oili mikononi, na tukaondoka polepole kiasi kwamba mbuzi mmoja alitupita.

Tulitarajiwa saa sita mchana. Tulifika saa kumi na nusu. Baba wa binti, mzee mrefu mwenye koti zito na kofia ya pama, alikuwa amesimama mlangoni na wazee wenzake nyuma yake, uso umekunjwa kama ngumi. Nikashuka haraka nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama mkono wangu. Nilikuwa bado nimeshika lile jani. Wazee wakanong'onezana, na uso wa mzee ukafunguka polepole. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Marahaba, baba. Mmekosa, lakini mmekuja na sale. Basi yamekwisha."

Karani baadaye ndiye aliyenieleza kwamba sale ni jani la kuombea radhi, na Mchagga akiletewa hilo hawezi kukataa kusamehe. Mimi nilikuwa nalifanya tambara. Wakati ule nilichofanya ni kuinamisha kichwa kama mtu aliyepanga.

Tukakaribishwa ndani. Wao wakapewa mbege, pombe ya ndizi, katika vibuyu; mimi Mwislamu nikapewa mtori, supu ya ndizi. Nikaanza maneno ya posa, na nilikuwa nimefika pazuri, kwenye kumsifu kijana wetu kuwa ni mtu aliyejipanga maishani, karani aliposimama kupokea kibuyu kwa heshima. Kamba ya mgomba ikakatika.

Aliiwahi suruali kwa mkono mmoja. Kibuyu kilikuwa katika wa pili, na hakumwaga hata tone. Nyuma ya mlango wa jikoni tukasikia mwanamke akibanwa na kicheko.

"Kijana," mzee akasema, "huna mkanda?"

Karani akanitazama. Nikaona uongo utatuchelewesha. "Anao, mzee. Uko ndani ya injini."

Mzee akaweka kibuyu chini. Akataka kuona. Tukatoka sote hadi kwenye gari, nikaeleza habari ya mlima, oili na njaa ya beringi, nikionyesha kwa mikono. Alisikiliza kwa makini kuliko karani alivyowahi kunisikiliza. Kisha akamgeukia mkwe.

"Fundi alikuwa amekuambia tangu Moshi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hukusikia."

"Sikusikia, mzee."

Mzee akacheka mpaka akashika bati la juu ya tairi. "Binti yangu naye hasikii. Mtafaana."

Kesho yake asubuhi tulirudi kwa mteremko, oili ikakimbilia mbele kwenye mdomo wa pampu, na mkanda ukatufikisha Moshi ukiwa mweusi kama kisigino. Beringi mpya zilipofika nilizifunga zote, halafu nikachomelea ukuta wa bati ndani ya sampu, wenye vitundu, ili gari likipanda mlima oili isikimbilie nyuma yote mara moja. Nilifanya hivyo kwa yale magari mengine pia. Hakuna hata moja lililorudi likivutwa kwa kamba.

Siku ya harusi, bibi harusi alikataa katakata kupanda kile alichokiita beseni lenye matairi, akaenda kanisani kwa lori la kahawa na shangazi zake. Kwa hiyo kiti kikabaki wazi, na mzee mkwe akakidai. Alizungushwa na karani mlima mzima, mshale wa oili umesimama wima, yeye ameshika kofia kwa mkono mmoja na kuwapungia majirani kwa mwingine, na walipofika kanisani misa ilikuwa imekwisha anza bila bwana harusi.