Bonasi Iliyokula Mahari Yangu

Siku niliyomkimbia mume wangu, alinibebea begi.

Msicheke. Alilibeba mwenyewe mpaka kwenye bodaboda, akalifunga kwa mpira, akamlipa dereva. Na usiku wa jana yake alikuwa amenipiga mpaka jicho likavimba likafumba.

"Nisalimie baba mkwe," akasema Bundala. "Mtoto muache. Ukichoka huko, utamkuta hapa."

Alikuwa anacheka, meno yote nje. Njia nzima kutoka Nkoma najiuliza, huyu mwanaume ana nini?

Bundala ni mfanyabiashara wa ng'ombe, minada ya Simiyu yote anaijua. Miaka ya mwanzo hakuwahi kuninyanyulia mkono. Tukigombana ananuna, anaenda kula kwa dada yake, yanaisha. Kipigo kilianza msimu wa pamba uliopita, ghafla tu, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nyumbani Nkololo nilimkuta baba anapukuchua mahindi.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia Kisukuma.

Aliniangalia lile jicho, akaweka gunzi chini.

"Kakuanza lini?"

"Tangu pamba."

Mzee wangu hana maneno mengi. "Basi yaishe, mayu, mwanangu. Ng'ombe zake zipo. Tunamrudishia, unamchukua mtoto wako Apolonia, unakaa kwenu."

Nililia jamani, nililia kwa raha.

Maana kwetu mahari ikirudi, mwanamke yuko huru. Isiporudi, utalala kwa baba yako lakini bado ni mke wa mtu, na mtoto ni wa kwao. Ndiyo maana baba hakuwagusa ng'ombe wangu hata mwaka wa njaa. Malisho yalipobana aliwapeleka Lalago kwa ndugu, mdogo wangu Mayige akawa anawachunga. Alimwambia mbele yangu, "Hizo ndizo mgongo wa dada yako."

Baba akampigia simu awalete. Haipokelewi. Anapiga, haipokelewi. Baada ya siku kadhaa Mayige akatokea mwenyewe, mikono mitupu.

"Ng'ombe ziko wapi?" nikamuuliza.

Akatoa simu. Nawaambia, mtu kaulizwa ng'ombe, akatoa simu!

"Dada, ziko humu."

Akaanza kunielewesha. Kuna kasino ya mtandaoni, ya kripto. Unanunua dola za kripto, unaweka, nao wanakuongezea bonasi. Halafu unazungusha sloti, yale matunda na almasi yakijipanga, umeshinda. Aliuza ng'ombe wa kwanza, akashinda kweli. Kwenye skrini pesa ikasoma ya kununua zizi zima. Kutaka kuitoa, wakamwambia bado, ukishachukua bonasi lazima uchezee kiasi fulani kwanza ndiyo utoe. Akauza mwingine ili achezee. Kisha mwingine. Mpaka wakaisha.

"Nilibakiza kidogo tu nifikishe kiasi chao," akasema. "Nilitaka nizirudishe na faida juu, baba asijue."

"Sasa toa hiyo hela."

Akaanza kufuta kioo cha simu kwa shati.

"Mayige, toa hela!"

"Haifunguki, dada."

Kasino imekufa. Ukifungua unakuta ukurasa mweupe. Grupu la wachezaji kwenye simu limefutwa, na wakala aliyewaingiza humo, aliyekuwa anawaita "familia", hapatikani. Kilichobaki ni picha ya skrini yenye salio lake. Akamwonyesha baba.

Baba macho yameanza kuchoka. Akaisogeza simu karibu, akaitazama weee, akauliza, "Ng'ombe wapi hapa?"

Nilitaka kumrarua Mayige. Baba akanizuia, akaenda kuvaa koti lake la kanisani. Tukaenda Nkoma kuomba muda, tulipe kidogo kidogo kwa pamba.

Bundala alitupokea vizuri, viti na soda. Kisha akasema, "Baba mkwe, kabla hatujaongea, twende nikuonyeshe kitu."

Akatupeleka kwenye zizi lake la biashara, nje ya kijiji, ambako mimi sijawahi kukanyaga. Baba akafika langoni akasimama. Na mimi nikaona. Yule mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Yule mwekundu aliyekatika sikio. Mahari yangu yote imelala pale inacheua.

"Kijana wako alikuwa anazileta mnadani mojamoja," Bundala akasema. "Zangu nazijua. Nikawa namtuma mtu anazinunua. Bei ya kutupa, kijana ana haraka." Akapiga funda la soda. "Hizi nimenunua. Zile za mahari bado nadai."

Akanigeukia. "Sasa mama Apolonia, utatokea mlango gani?"

Kumbe hakubadilika kwa pombe wala kwa mwanamke wa nje. Alianza kunipiga alipojua kwamba kwetu hakuna tena cha kunikomboa.

Baba alirudi Nkololo. Mimi nimepanga chumba Bariadi mjini, nauza mchele. Apolonia yuko Nkoma.

Najua mtajaa kwenye komenti, "nenda ustawi wa jamii." Nimeenda, shauri linaendelea. Lakini mtoto ana miaka miwili, na mara ya mwisho nilipomwona alijificha nyuma ya bibi yake.

Juzi Mayige akanitumia meseji. Nikajua anaomba msamaha.

"Dada, kuna kasino mpya, hii ya uhakika. Jiunge kwa linki yangu wananipa bonasi. Naapa nitamkomboa Apolonia."

Wanasema kamari inamla anayeicheza. Uongo mtupu. Mimi sijawahi kuzungusha sloti hata moja, na mwanangu ndiye aliyewekwa dau.

Kama una ndugu anayebonyeza hiyo michezo, na ameshikilia chochote chako, usingoje akwambie. Nenda kakiangalie leo.