Lyuba Alivyokaa Lewisham

Siku moja kabla ya mabomu, Lyuba alinigombeza kwa kukanyaga sakafu yenye maji. Yeye alikuwa msafishaji wa hosteli yetu huko Ukraine, mimi mwanafunzi wa uuguzi kutoka Voi. Nilimwomba radhi kwa Kirusi changu kibovu, akacheka, tukanywa chai ya tangawizi chumbani kwangu huku akilalamikia magoti ya mama yake. Vita tulikuwa tukivisikia redioni tu.

Kesho yake asubuhi madirisha yalitikisika. Kufikia mchana tulikuwa stesheni, mimi, Lyuba na mama yake, katikati ya umati usio na mwisho. Askari alikuwa akitenga watu: raia wapande treni, Waafrika na Wahindi wangoje kando. Lyuba akatoa pasipoti yake ya Ukraine. Askari hakuifungua. Alimtazama usoni, kisha akamsukumia upande wetu, kwa kuwa Lyuba ni Mroma, si wa Roma ya Papa bali wa jamii ambayo Waingereza huiita Gypsy, na Waroma Ulaya wanajulikana kwa sura na kudharauliwa kwa majina.

"Mimi ni raia wa wapi, basi?" Lyuba akamuuliza.

Askari akamwita anayefuata.

Kombora lilianguka nyuma ya stesheni. Taa zikazimika.

Watu wakaukimbilia mlango wa behewa. Mama yake Lyuba akaanguka, akakanyagwa.

Lyuba alinivuta kwa koti. Mimi nilimvuta mama yake. Tukaingia.

Yule mama alikuwa akipumua kwa shida tangu tulipoondoka. Nilijua mbavu zimevunjika, sikuwa na cha kumpa. Alikata roho kabla ya mpaka, tukamzika katika mji ambao hadi leo siwezi kulitamka jina lake.

Mimi nilipata nafasi ya kumalizia masomo London, kwa Shangazi, dada yake baba, anayelea wazee huku Lewisham. Nilimsihi amkaribishe Lyuba kama wenyeji wengine walivyokuwa wakipokea wakimbizi wa Ukraine. Alikubali bila kusita, na kanisani walimpigia makofi. Mwanzoni walipatana vizuri kupita nilivyotarajia. Lyuba alijifunza kusukuma chapati, Shangazi akajifunza kusema asante kwa Kiukraine. Lyuba akapata kazi ya kufagia maofisi, akawa anatoka alfajiri.

Kisha mwenzake Shangazi wa kwaya akamnong'oneza kwamba yule si Mukraine hasa, ni Mroma, na watu hao huiba. Tangu siku hiyo Shangazi alianza kuingia bafuni na mkoba wake. Kabati la vyakula likatiwa kufuli.

"Shangazi, amekuibia nini?" nikamuuliza.

"Bado."

Nilimkumbusha alivyotupigia simu akilia, mwaka wake wa kwanza huku, kwa sababu mgonjwa alikataa kuguswa na mikono yake myeusi. Akasema hilo ni jambo jingine kabisa, sisi ni watu wa kufanya kazi. Alisema hivyo Lyuba akiwa kazini.

Baada ya mwezi Shangazi alimwambia Lyuba ahame. Nilipiga simu ofisi ya makazi kulalamika kwamba mtu anafukuzwa kwa sababu ya kabila lake. Bwana aliyepokea alinitaka nirudie mara mbili. Hakuelewa Mwafrika anawezaje kumbagua mzungu. Nilimweleza Waroma ni nani, akanishukuru kwa subira yangu, akaandika kwamba mwenye nyumba na mgeni hawakuelewana kuhusu matumizi ya jiko. Lyuba akapelekwa hosteli mbali na kazi yake, kazi ikamponyoka.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinipa dakika chache mbele ya waumini, nikayasema yote, ya stesheni na ya kabati. Wazee wa kanisa walikasirika kwamba nimeanika mambo ya nyumbani. Shangazi hakuinua uso. Lakini ibada ilipokwisha, mama mmoja wa Mombasa alinifuata mlangoni, akasema ana chumba, na Lyuba aje hata leo.

Nilimpigia hapo hapo. Alikuwa ndani ya basi la kwenda Poland, na kutoka hapo angerudi kwao.

"Lyuba, kule kuna vita."

"Kule ninamjua anayenipiga," akasema, bila hasira. Akaniuliza kama nimekula.

Aliniandikia miezi michache. Alikuwa akiishi katika chumba cha chini cha jengo lililobomolewa nusu. Baridi ilipoingia barua zilikoma, na simu yake haiiti. Huenda amekufa. Huenda pia ametuchoka tu, na haki hiyo anayo.

Shangazi na mimi tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja. Kila Jumapili Shangazi humwombea Lyuba kwa sauti, mkimbizi wetu wa Ukraine, Bwana amlinde. Neno Mroma halitaji. Nimemweleza mara nyingi hadi nimechoka. Huwa nainamisha kichwa na kuitikia amina, maana hapa London hakuna mwingine anayemwombea.