Gauni la Mwanamke wa Pichani

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alikuja Mbeya kutoka Iringa kuchukua cherehani. Alisema mwanamke hashoni barazani mbele za watu. Mimi nilishona na marehemu tangu anioe, mapindo, mikono, vifungo, na sifa zote zikawa zake. Nikamwambia, "Shemeji, kuna gauni la mzungu sijalimaliza. Memsahibu akilikataa, beba." Akakubali upesi. Alijua nitashindwa.

Memsahibu huyo alikuwa mke wa bwana shamba. Klabuni kwao walikuwa wanaandaa mchezo wa kuigiza, mambo ya Ulaya ya mwisho wa karne iliyopita. Aliniletea gazeti lenye picha ya mchoraji wa Kifaransa wa zama hizo: mwanamke ukumbini kwenye dansi, mikono ya gauni imevimba mabegani, kiuno chembamba cha kutisha. Niliitazama kwa hasira. Miaka ileile kwetu Kalenga mababu walikuwa wanapigana na Wajerumani, kumbe huko wenzao wanachorwa wakicheza!

Lakini kiuno kile nilikielewa, au nilidhani hivyo. Huyu amejifungua juzi, nikasema, wamemfunga tumbo. Basi nikashonea ndani ya gauni mkanda mpana wa kanga, wa kuzungusha na kufunga ubavuni, kama mama alivyonifunga kila nilipozaa.

Memsahibu alilivaa, akapapasa ndani. "Vijiti wapi? Hapa iko vijiti, kubana."

"Vijiti vya nini, memsahibu? Mzazi hafungwi na vijiti."

Alipoelewa, alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kuwa wanawake wale hawakuwa wazazi, walijibana hivyo kwa urembo tu, na bibi yake mwenyewe alikuwa akizimia. Niliwahurumia kweli. Kisha akavuta pumzi, akajigeuza kwenye kioo. "Hii nzuri. Mimi nachukua."

Alipoondoka, shemeji aliingia na gunia na kamba. "Mbona halifanani na picha? Umeshindwa, shemeji."

Nilikaa kwenye cherehani, nikaweka kitambaa cha kwanza nilichokishika, nikaanza kukanyaga. Akasimama akingoja nimalize. Sikuwa na cha kumaliza. Nilishona mstari, nikageuza, nikashona mwingine juu yake, mpaka basi la Iringa likapiga honi stendi, naye akatoka mbio na gunia lake tupu.