Bi Dirisha Hafungui Furushi

Mguu wa kulia wa mama yangu haujui kwamba mwenyewe ameacha kazi. Akikaa kula, mguu unakanyaga. Akikaa ukingoni mwa kitanda kusali, mguu unakanyaga. Pale chini hakuna pedali, kuna sakafu tu, lakini kidole gumba kinashuka na kisigino kinapanda, kama vile anashona shati lisilokuwa na pindo la mwisho. Alishona katika kiwanda cha mashati tangu mimi sijazaliwa mpaka mgongo ukagoma. Mgongo ulipogoma, moyo nao ukafuata: alikuwa akisikia kengele ya baiskeli barabarani analia, kwa sababu inafanana na kengele ya kuingia zamu. Siku ya kuondoka walimpa mkono wa kwaheri na mfuko wa vitambaa vilivyobaki.

Sisemi haya ili mumwonee huruma. Nayasema ili muelewe kwa nini dada yake, yaani mama yangu mkubwa, anayeshona katika kiwanda hichohicho, alikataa kuishi kwa kukunjwa kama kitambaa.

Tunaishi watatu, wao wawili na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kizingiti cha saruji. Mama mkubwa ana sheria zake na wala haoni haya. Asubuhi hunywa maji kabla ya kusema na mtu. Ukimwamkia kabla hajameza, anakuinulia kidole usubiri. Kazini huenda kwa miguu, tena kwa njia ndefu inayopita nyuma ya shule, kwa kuwa ile fupi ina honi nyingi na yeye hapendi kufika akiwa ameshatukanwa. Akila, simu inalala uso chini. Akitaka kulia analia, waziwazi, kisha ananawa uso na kuuliza kama kuna chai. "Machozi ni kama maji ya ndoo," husema. "Ukiyafunika siku nyingi yananuka."

Na jioni akirudi anavua viatu, anakaa kizingitini, ananyoosha miguu na kutangaza: "Jamani, sipo." Hapo hata jiko lipasuke, yeye hayupo. Jirani yetu amezoea. Huja na bakuli lake la kuomba chumvi, anamkuta amekaa palepale mlangoni, anamruka na kuingia ndani kwa mama.

"Dada yako yupo?"

"Si umempita hapo?"

"Nimempita. Nauliza kama yupo."

"Bado. Ngoja kidogo, atarudi."

Wapo watakaosema hizo ni anasa. Nimewasikia sana watu wa namna hiyo. Wanaamini kupumzika ni haki ya mwenye kiti cha kuzunguka, na kwamba mtu wa cherehani akinyoosha shingo anaiba. Mimi nasema anayeiba ni yule anayechukua shingo ya mtu ikiwa nzima, na kuirudisha imepinda.

Nilipomaliza chuo na kazi niliyoisomea ikawa haionekani hata kwa darubini, mama mkubwa alinisemea nikapata nafasi ya kupiga pasi katika mstari wake. Kwa hiyo ninayoyaeleza sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nimesimama mkiani mwa mstari, mvuke ukinipiga usoni.

Ukumbi ni mrefu, una paa la bati na taa nyeupe zinazowaka mchana kutwa. Mstari wetu ulishona mashati ya shule. Vipande huja vimekatwa na kufungwa furushi kwa ukanda wa kitambaa. Anayekaa kichwani mwa mstari ndiye pekee anayefungua furushi. Huunga mabega, kisha humpa wa pili aweke kola, wa tatu mikono, na kuendelea hivyo, mbavu, pindo, vifungo, mpaka shati linifikie mimi wa pasi. Shati haliruki mtu. Kila mmoja hupokea kwa aliye mbele yake na kumpa aliye nyuma.

Mama mkubwa alikaa kwenye mikono, katikati. Asubuhi mara moja na alasiri mara moja, alikuwa akizima mashine, akitembea hadi dirishani, lile dirisha moja lililopo mwisho wa ukumbi, karibu na meza yangu. Huko huweka viganja kwenye kingo, huunyoosha mgongo, huzungusha shingo polepole, na kukitafuta kitu kilicho mbali kuliko vyote. Nje kuna tangi la maji, ukuta, mapaa ya watu, na nyuma kabisa mlima. Hutazama mlima. Anavuta pumzi mpaka mabega yashuke. Halafu anarudi kwenye mikono yake. Basi. Mtu hawezi hata kumaliza glasi ya maji kwa kituo kabla hajarudi.

Lakini kwa kuwa alikaa katikati, kila aliposimama mambo mawili yalitokea. Mzee wa kola, aliye mbele yake, aliendelea kushona, kwa hiyo mashati yalirundikana mezani kwa mama mkubwa kama nguo za msiba. Na walio nyuma yake walikaa wakisubiri. Msimamizi aliliona hilo na akalitumia vizuri. Hakumfokea. Aliutangazia mstari mzima: mkichelewa kumaliza, mtabaki baada ya kengele wote, na mnajua ni kwa sababu ya nani.

Ndipo wenzake walipombatiza Bi Dirisha. Hodari wa kumchoma alikuwa binti wa vifungo, msichana mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake.

"Bi Dirisha, leo umeona nini huko? Umeona mchumba?"

"Nimeona mlima."

"Umekuambia nini?"

"Haukusema kitu. Ndiyo maana nimeupenda."

Watu walicheka, lakini kicheko cha watu watakaochelewa kurudi kwa watoto wao hakina utamu. Mimi mwenyewe niliwachukia siku ile. Baadaye nilielewa. Hawakuwa wanamchukia yeye. Walikuwa wanachukia kwamba migongo yao nayo inauma na hakuna aliyewaambia inaruhusiwa kuuma.

Asubuhi moja msimamizi alimfuata mezani. Ni mtu mnene, mwenye adabu, aliyeanza kazi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Anapenda methali kama watu wengine wanavyopenda peremende.

"Mama, mimi nakuheshimu. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Baba, nimeinama humu ndani mpaka mvungu nimeuzoea kama chumba changu. Kuna vumbi tu. Sasa nainuka."

"Basi inuka safari moja zaidi, uone kama kiti chako utakikuta."

Jioni ile kizingitini hakukaliwa kwa amani. Mama alitoka ndani, akajishika ukutani na kukaa kando ya dada yake, mguu ukikanyaga.

"Dada, usiende tena dirishani. Watakufukuza, na sisi tutakula nini? Mshahara wa pasi wa huyu mtoto? Mvumilivu hula mbivu."

Mama mkubwa alimgeukia. Hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, wewe umevumilia kuliko watu wote ninaowajua. Iko wapi mbivu? Nionyeshe hata ganda."

Mama aliutazama mguu wake. Mimi pia niliutazama.

Kumfukuza moja kwa moja haikuwa rahisi kwa msimamizi, maana mikono ya shati ni kazi ya mafundi. Ukikosea kidogo, mtoto wa shule anashindwa kunyoosha kidole darasani. Kwa hiyo alitafuta njia ya kumtoa jasho kwanza. Asubuhi iliyofuata alimhamisha. Alimweka kichwani mwa mstari, chini kabisa ya kioo cha ofisi yake, mahali ambapo akitaka kwenda dirishani itambidi autembee ukumbi mzima mbele ya macho yetu sote. Fundi wa mabega akapelekwa kwenye mikono.

"Hapa nakuona," alimwambia. "Na wenzako wanakuona. Ukiinuka, usigeukie dirishani. Nyoosha hadi getini."

Alikuwa amefikiria sana kuhusu aibu. Kuhusu furushi hakufikiria hata kidogo.

Mama mkubwa alishona mabega asubuhi nzima bila neno. Jua lilipoingia dirishani na kugusa mguu wa meza yangu, alimaliza shati la mwisho la furushi lake, akalikabidhi kwa mzee wa kola. Furushi jipya lilikuwa mbele yake, limefungwa. Aliweka mkasi wake juu yake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akazima mashine. Akasimama.

Alitembea. Hakuharakisha wala hakujikokota. Alimpita mzee wa kola, akampita fundi wa mabega aliyekuwa anatoka jasho kwenye mikono asiyoizoea, akampita binti wa vifungo. Akafika dirishani, akaweka viganja kwenye kingo.

Huku nyuma mzee wa kola alimaliza kola aliyokuwa nayo, akanyoosha mkono kuchukua nyingine. Hakukuwa na nyingine. Baada yake mikono ikaisha, kisha mbavu, kisha pindo. Ulikuwa kama mfereji uliofungwa huko juu: ukavu uliteremka meza kwa meza mpaka ukanifikia mimi na pasi yangu. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mzee wa kola alinyanyua shingo kuangalia, na mifupa yake ikalia, tukaisikia sote. Mtu mmoja akacheka. Mzee naye akacheka, akaizungusha tena ili ilie vizuri. Binti wa vifungo alikuwa ameshika vidole vyake na kuvitazama kana kwamba ameviokota njiani.

Mlango wa ofisi ukafunguka.

"Nani amezima umeme?"

"Umeme upo," mzee wa kola akamjibu. "Furushi ndilo halijafunguliwa."

"Kaeni! Fanyeni kazi!"

"Ipi, bosi?" Ni binti wa vifungo. Alikuwa anauliza kweli. "Mezani kwangu hakuna shati. Nishone vifungo kwenye meza?"

Msimamizi alikuja hadi dirishani, miguu yake ikisikika vizuri mno katika kimya kile.

"Mama, nilikuambia nini?"

"Uliniambia niende getini." Alikuwa bado anautazama mlima. Halafu akageuka. "Kile kiti cha mbavu alikikalia mdogo wangu. Wewe unamkumbuka, ulikuwa unamkatia vitambaa. Mguu wake unawashonea mpaka leo, huko nyumbani, na hajui namna ya kuusimamisha. Huo mlishauchukua. Wangu siwapi. Nifukuze sasa hivi kama unataka, lakini nikipita lile geti nitapita na mgongo wangu."

Alimaliza pumzi aliyokuwa ameianza, akarudi alikotoka. Aliuondoa mkasi juu ya furushi, akaukata ukanda. Kazi ikaanza kuteremka tena.

Msimamizi hakumfukuza. Sijui kama ni huruma, au ni mikono ya mashati. Mchana alitoka na uamuzi mwingine: kesho Bi Dirisha arudi katikati, kichwani akae binti wa vifungo, na fundi wa mabega ashike vifungo. Aliyemcheka kuliko wote ndiye wa kuaminiwa. Na kwa mama mkubwa aliongeza: "Safari hii mashati yakirundikana mezani kwako na wewe uko dirishani, sitakuja na methali."

Kwa hiyo usiku ule tulilala tukijua yatakayotokea. Mama alimwomba tena. Mama mkubwa alimfunika shuka, akasema, "Lala. Kesho haijafika, usianze kuichokea." Yeye akalala kweli. Nilimsikia akikoroma, nikamwonea wivu.

Asubuhi binti wa vifungo aliketi kichwani, mgongo mkavu, midomo imebanwa. Hakumtazama mtu. Mama mkubwa alikaa kwenye mikono. Mimi nilikuwa naunguza kola ya mtoto wa watu kwa kutazama mguu wa meza yangu, nikilingoja jua, nikijua likifika pale mama mkubwa atainuka na tutakuwa tumemaliza kula kwa mwezi ule.

Jua lilifika. Mama mkubwa aliweka kiganja kwenye swichi.

Kabla hajaizima, mashine ya kwanza ilikuwa imeshanyamaza. Binti wa vifungo alikuwa amemaliza furushi. Aliliangalia lile jipya lililofungwa. Akachukua mkasi, akauweka juu yake, vilevile, kama anayemlaza mtoto. Akasimama na kujishika kiuno kama bibi kizee.

"Jamani," alisema kwa sauti ya kutosha kupita kioo cha ofisi, "na mimi nataka kuuona huo mlima. Isije ikawa tunadanganywa."

Ukavu ukateremka. Kola ikaisha. Mikono ikaisha, na mama mkubwa akainuka akiwa na meza nyeupe, bila shati hata moja lililorundikana. Mbavu, pindo, vifungo. Nikaisimamisha pasi. Dirisha halitutoshi sote, kwa hiyo walio nyuma waliweka mikono kwenye mabega ya walio mbele na kunyoosha shingo.

Msimamizi alitoka ofisini, akasimama kichwani mwa mstari kando ya kiti kitupu. Aliutazama mstari wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mtu mwingine wa kumkalisha pale. Kila aliyemtazama alikuwa amesimama. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, polepole kuliko nilivyotegemea.

Ruhusa ile haijatangazwa hadi leo, na atakayetaka kutunyang'anya aanze na kumtafuta mtu wa kufungua furushi.

Jioni mama mkubwa alivua viatu, akakaa kizingitini. "Jamani, sipo." Mama alitoka ndani akishika ukuta, akakaa kando yake, akanyoosha miguu kama yeye. Ule wa kulia ulikuwa bado unakanyaga. Haukuacha, wala sitawadanganya kwamba uliacha.

"Na mimi sipo," akasema mama.

Jirani akaja na bakuli lake, akawatazama wote wawili, akanigeukia mimi.

"Wenyewe wako wapi?"

"Hawapo," nikamjibu. "Pita baadaye."